MAFUTA YA NDEGE, CHUMA, NA MASWALI YALIYOBAKI



Ndugu yangu, kila ikifika Septemba naletewa ile klipu. Jengo refu la New York linashuka lote chini, halafu sauti inasema: mafuta ya ndege hayawezi kuyeyusha chuma! Wengi wenu mnaisambaza. Hata mimi niliwahi kuisambaza, Allah anisamehe. Leo tukae nayo taratibu.

Ni kweli chuma cha ujenzi huyeyuka karibu na nyuzi 1,500 za Selsiasi, na moto wa ofisini haufiki huko. Hewa yake hufika kama nyuzi 1,000. Lakini muulize mhunzi yeyote: husubiri chuma kiwe uji ndipo akipinde? Kikifika nyuzi 600 kimeshapoteza takriban nusu ya nguvu zake. Na yale mafuta ya ndege yaliisha ndani ya dakika chache tu, kilichoendelea kuungua ni karatasi, mazulia na samani. Wachunguzi hawakusema minara iliyeyuka. Walisema ililegea.

Je, basi kila kitu kinajulikana? Hapana, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri.

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti ya ile minara miwili mwaka 2005. Walikuwa na vipande 236 vya chuma. Njia yao moja ilikuwa kutazama rangi, kwa sababu rangi ile hupasuka chuma kikipita nyuzi 250. Katika nguzo za nje walipima sehemu zaidi ya 170, na ni tatu tu zilizoonyesha joto hilo.

Mtu akisikia hivyo anaruka: "Umeona! Moto haukuwa mkali!" Subiri. Vipande vilivyotoka kwenye ghorofa zilizoungua vilikuwa kama asilimia 3 ya nguzo za nje na asilimia 1 ya nguzo za ndani. Huwezi kuonja kijiko kimoja ukahukumu pilau ya harusi nzima. Sehemu kubwa ya chuma kilichobaki iliuzwa kama chakavu na kuyeyushwa, na wataalamu walililalamikia jambo hilo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani Machi 2002. Ndiyo maana joto la chuma linalotajwa kwenye ripoti kwa sehemu kubwa ni hesabu za kompyuta. Ushahidi ulipotea, na huo ni uzembe wa kulaumiwa. Lakini uzembe si njama.

Sasa jengo la 7. Hili lilikuwa na ghorofa 47, halikugongwa na ndege, likaanguka saa 11 na dakika 20 jioni siku ile ile. Ripoti ya NIST ya 2008 inasema boriti za sakafu zilitanuka kwa joto, nyingine chini ya nyuzi 400, zikaisukuma boriti kuu ikatoka kwenye kiti chake karibu na nguzo namba 79. Walisema ndilo jengo refu la kwanza kujulikana kuanguka lote kwa sababu ya moto. Watu wakacheka. Mwaka 2017 jengo la Plasco, mjini Tehran, lenye ghorofa 17 na nguzo za chuma, likaungua saa chache na kuporomoka kamera zikitazama. Wazimamoto zaidi ya 10 walifia humo, Allah awarehemu. Majengo hayo mawili hayafanani kwa ujenzi, lakini usemi wa kwamba moto hauangushi jengo la chuma haukubaki na mguu wa kusimamia.

Sisi Waislamu tumehukumiwa kwa dhana tangu siku ile, na kati ya karibu watu 3,000 waliouawa walikuwemo Waislamu pia. Surat al-Hujurat inatuamrisha tuthibitishe habari kabla hatujawadhuru watu. Haikusema habari za wengine tu.

Swali moja bado linanisumbua. Ripoti ya shirika la maafa la Marekani, FEMA, ya 2002 ilieleza kipande cha chuma kilichoonekana kuwa cha jengo la 7, kimeliwa na salfa hadi kikawa chembamba, kwa joto lililokaribia nyuzi 1,000. Salfa ilitoka wapi? Waandishi walisema hawana maelezo ya wazi, wakaomba utafiti wa kina. Kutojua ilikotoka si sawa na kujua kwamba kuna mtu aliyeiweka. Ila ripoti ya 2008 haikupima hata kipande kimoja cha chuma cha jengo lile.

Wallahu a'lam.