Mizani ikigoma: habari ya mwaka 1945

Nimekuwa kimya wiki tatu, msininunie, kazi huku si mchezo.

Tangu niweke ile picha ya jimu mmeniletea maswali mengi, na karibu yote ni swali moja. Mtu anaanza kunyanyua vyuma, anapunguza wali, kilo zinashuka miezi mitatu, halafu mizani inagoma. Binamu yangu mmoja amefikia kula mlo mmoja kwa siku, mizani inasoma 91 ile ile, na sasa anataka kuacha hata chai ya asubuhi. Binamu, ngoja kwanza. Jibu lako lilianza kupatikana mwaka 1945, na nusu yake lilipatikana jirani kabisa na kituo ninapopandia basi.

Hapa Chuo Kikuu cha Minnesota palikuwa na uwanja wa mpira wa Kimarekani ukiitwa Memorial Stadium. Ulibomolewa mwaka 1992. Chini ya majukwaa yake Dk. Ancel Keys alikuwa na maabara. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inaelekea ukingoni, watu Ulaya wanakufa njaa, na madaktari hawakujua vizuri namna ya kumrudisha mtu aliyekwisha kukondeshwa na njaa. Keys akachukua vijana 36 waliojitolea. Walikuwa wamekataa kushika bunduki kwa sababu ya imani zao, wakaona huo nao ni utumishi. Februari 1945 wakaanza kulishwa kama kalori 1,570 kwa siku: viazi, tanipu, mkate, makaroni. Na kila wiki lazima watembee kilomita 35. Hivyo kwa wiki 24.

Hebu iangalie tena hiyo namba. Kalori 1,570 kwa vijana wa kiume wanaotembea, Keys aliita njaa. Leo magazeti ya urembo huku yanawagawia watu kiasi hicho, au pungufu, na picha ya msichana anayecheka pembeni!

Wale vijana walishuka kutoka wastani wa kilo 69 hadi karibu 53. Lakini sikilizeni jinsi mwili ulivyojitetea. Mapigo ya moyo yalipungua. Waliona baridi katikati ya kiangazi, mwezi wa saba wanaomba mablanketi. Hamu ya mazungumzo iliisha, hamu ya wasichana iliisha, kilichobaki ni kuota chakula. Nishati ambayo mwili huunguza mtu akiwa amelala tu ilishuka karibu asilimia 40. Yaani mwili ulifanya kama mama mwenye nyumba mshahara ukichelewa, unabana kila senti. Uzito ukawa haushuki tena kwa kasi ya mwanzo. Juu ya hapo miguu ilivimba maji, kwa hiyo mizani nayo ikawa inaficha mambo: mafuta na misuli vinaondoka, maji yanakaa mahali pake. Keys aliyaandika haya mwaka 1950 katika juzuu mbili zenye kurasa zaidi ya 1,300. Jamani, kurasa 1,300 za njaa.

Sasa panda gari uende Chicago, mwendo wa saa kama sita kutoka hapa. Mwaka ule ule wa 1945, katika hospitali ya jeshi iitwayo Gardiner, daktari kijana Thomas DeLorme alikuwa na wodi zimejaa askari wenye magoti mabovu. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa mgonjwa uzito mwepesi aurudierudie mara nyingi mpaka achoke. DeLorme, ambaye mwenyewe alikuwa mnyanyua vyuma, akageuza. Akawapa uzito mkubwa kiasi ambacho mtu anaweza kuunyanyua mara 10 tu, na kila wiki wanapimwa upya ili uongezwe. Misuli ikarudi kwa namna iliyowashangaza wenzake. Miaka mitatu baadaye, yeye na Dk. Watkins wakaona seti 3 za mara 10 zinatosha: ya kwanza nusu ya uzito wako, ya pili robo tatu, ya tatu kamili. Ukiingia jimu yoyote leo ukaona mtu anahesabu tatu kwa kumi, huyo ni mjukuu wa DeLorme ingawa hajui.

Wataalamu wa njaa na wataalamu wa vyuma walichukua muda mrefu sana kusomana. Katikati yao akaingia daktari wa New York, Max Wishnofsky, na hesabu yake ya mwaka 1958: kalori 3,500 ni ratili moja ya mwili, yaani kama 7,700 kwa kilo. Hesabu nyepesi, kila mtu akaipenda. Lakini ifuateni mpaka mwisho. Mtu wa kilo 90 akiacha chapati moja kwa siku, tuseme kalori 240, kwa hesabu hiyo baada ya miaka minane atakuwa ameyeyuka kabisa, hakuna hata wa kumzika!

Mwaka 2011 Kevin Hall na wenzake wakaisahihisha katika jarida la Lancet. Mwili unavyopungua, matumizi yake nayo yanapungua. Chapati ile moja itakutoa kama kilo 10, nusu yake ndani ya mwaka wa kwanza, kisha utasimama hapo. Kwa hiyo kusimama si ugonjwa wala si uchawi. Chakula kilichokupunguza ulipokuwa mzito ndicho kinachokutosha sasa.

Basi ufanyeje? Kwanza hakikisha umekwama kweli. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilichukua vijana 40, kikawakata chakula asilimia 40 huku wakifanya mazoezi mazito siku sita kwa wiki. Waliopewa protini nyingi, gramu 2.4 kwa kila kilo ya mwili, kwa wiki nne walipoteza kilo 4.8 za mafuta na wakaongeza kilo 1.2 za mwili usio mafuta. Waliopewa nusu ya protini hiyo walipoteza kilo 3.5 za mafuta na hawakuongeza kitu cha maana. Kumbe mizani peke yake inamdhulumu mnyanyua vyuma. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno kila Jumapili.

Kiuno nacho kikikataa wiki nne, hapo punguza kidogo, kama nusu chapati, si mlo mzima. Dagaa, mayai na maharage viache sahanini. Na vyuma usivifanye vyepesi eti unachoma mafuta, hilo DeLorme alishalimaliza. Mwenye kutumia dawa za sukari amwone daktari kwanza kabla ya kukata chochote, nasisitiza.

Jumapili nikipata nafasi nitaweka picha za daftari langu la vyuma. Wasalimieni wote, ila mama mdogo asiambiwe nimepungua, atafunga safari kuniletea samli.