Fundi wa Mfalme Tunayemjua, na Yule wa Jirani

Wasee, swali la haraka. Ni nani alisanifu Ukumbi wa Vioo kule Versailles, Ufaransa? Simu yako itakujibu kabla hujamaliza kuandika: Jules Hardouin-Mansart. Alizaliwa Paris mwaka wa 1646, akawa msanifu mkuu wa Mfalme Louis XIV mwaka wa 1681, akafa 1708. Ukumbi wenyewe una urefu wa mita 73 na vioo 357. Kazi ilianza 1678, ikaisha 1684.

Sasa swali la pili. Ni nani alimjengea Kabaka Mutesa I jumba lake pale Kasubi, Kampala, mwaka wa 1882? Kimya, si ndio? Na kutoka hapa kwetu Kabuchai, Kampala iko karibu kuliko Nairobi.

Mimi pia sikuwa najua. Kichwani mwangu nyumba ya nyasi ilikuwa tu nyumba ya nyasi, kitu cha watu waliokosa pesa ya mabati. Halafu nikasoma kuhusu Muzibu Azaala Mpanga, ndilo jina la jumba hilo. Ni la duara, upana wake kwa nje ni mita 31. Kwa ndani linapanda hadi mita 7.5. Ukiangalia juu unaona pete 52 za nyasi, moja kwa kila ukoo wa Baganda. Yaani paa limebeba taifa zima. Mutesa alipokufa 1884 alizikwa humo, na baadaye Makabaka wengine watatu: Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II.

Kuezeka hapo ni kazi ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega. Mkuu wa waezekaji anaitwa Wabulaakayole, na hicho ni cheo. Mmoja akiondoka, mwingine anakivaa. Ndiyo maana ukitafuta jina la mtu mmoja, kama tunavyofanya na Versailles, unatoka mikono mitupu.

Najua mtu atasema, "Basi huo si usanifu, hiyo ni mila tu." Ngoja kwanza. Yule Mfaransa alizaliwa Jules Hardouin. Hilo la Mansart alilichukua kwa François Mansart, mzee wa familia yao aliyekuwa msanifu maarufu na ndiye aliyemfunza kazi. Kumbe hata huko ujuzi ulipita kwa ukoo! Tofauti ni kwamba wao waliandika na kuchora.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, jumba la Kasubi liliungua. UNESCO ilikuwa imeliweka kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001. Mwaka huo wa moto ikaliingiza kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na halikutoka huko hadi Septemba 2023. Hesabu mwenyewe: miaka 13, na Versailles wao walimaliza ukumbi kwa sita. Nyasi unaweza kununua. Mtu anayejua kuzifunga ndiye humpati dukani, na bila ukoo uliotunza kazi hiyo, lile jumba lingebaki majivu na picha.

Sisi huku je? Sina shida na mabati. Nani anataka kuvujiwa usiku? Lakini kuka wangu aliezeka nyumba zake kwa mikono yake. Nina video akicheka kwenye harusi, nina nyingine akibishana kuhusu siasa, na sina hata moja akifunga nyasi. Sikuwahi kumuuliza, na sasa hayupo.

Kama wako bado yuko, wikendi hii beba simu yenye chaji. Muulize alikata nyasi gani na mwezi gani, na kwa nini hakuchukua ile nyingine. Kisha muulize ni nani alimfunza, na umwache aongee.