Uongozi wa Mungu Katika Mwanzo wa Kanisa la Unguja

Katika yubilei twamshukuru Mungu kwa njia aliyowaongoza waliotutangulia. Lakini tusidhani ya kuwa njia ile ilikuwa wazi machoni pao. Mwanzo wa Kanisa letu hapa Unguja ni habari ya watu waliorudi nyuma.

Mwaka 1857 Livingstone alisema na watu wa Cambridge juu ya Afrika, ndipo ikaanzishwa Misioni ya Vyuo Vikuu. Mwaka 1861 Askofu Mackenzie akafika nchi ya mto Shire, akakaa Magomero pamoja na watu waliookolewa katika utumwa. Vita, njaa na homa zikawapata, na Januari 1862 Askofu akafa. Mwaka 1863 akaja Askofu Tozer, akaona kazi inadhoofika. Akaazimu kuihamisha Unguja. Livingstone akahuzunika sana, maana aliona kwamba ni kuikimbia kazi. Tena palikuwa na wanawake na yatima waliotunzwa na misioni. Kwa ajili yao Horace Waller akakosana na Askofu, akaacha kazi ya misioni, akawashughulikia wale wanyonge.

Je, ni nani aliyefuata uongozi wa Mungu? Tozer aliyapima maisha ya watu wake na shida ya njia. Waller aliipima haki ya yatima. Hakuna aliyeona yote. Tozer akafika Unguja mwezi wa Agosti 1864, na muda si muda Sultani Majid akampa watoto watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Mzigo wa yatima, uliowatenga wenzi kule Shire, ukamfuata mpaka mlangoni pake. Safari hii akaupokea.

Kwa watoto wa namna hiyo ikakua shule ya Kiungani. John Swedi, mmoja wa wanafunzi wa kwanza, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa, akapewa ukasisi mwaka 1890. Soko la watumwa likafungwa mwaka 1873, na Siku Kuu ya Noeli ya mwaka ule ule likawekwa pale jiwe la msingi la Kanisa Kuu. Mwaka 1876 Askofu Steere akatoka Unguja pamoja na watu waliowekwa huru, wakishika njia ya Nyasa, wakakaa Masasi. Mwaka 1885 misioni ikafika Likoma, kisiwa cha ziwa lile lile. Livingstone, aliyekufa mwaka 1873, hakuyaona hayo.

Nasi kila siku twakutana na njia mbili. Mwalimu hujiuliza kama akae au ahame. Mzazi hujiuliza amsomeshe mtoto yupi kwanza. Hatusikii sauti kutoka mbinguni. Tunayo sala, Maandiko, na shauri la wenzetu, pamoja na yule anayetupinga, kama Waller alivyompinga Askofu wake. Tunacho na kipimo hiki: Je, njia hii yanitenga na mnyonge niliyepewa, au yanipeleka kwake? Kubadili mahali si kumwacha Mungu, bali kumwacha mtu aliyetupa tumtunze ni jambo la kuogopa. Basi tusipoijua kesho, tumpokee anayebisha hodi leo.