Ukoo wa Coburg: Ufalme kwa Njia ya Ndoa

Zamani miji ya Kongo ilichukua majina ya watu wa nyumba moja ya Ulaya. Hata mwaka 1966 Kinshasa iliitwa Léopoldville, na Lubumbashi iliitwa Elisabethville. Majina hayo tunayajua, lakini nyumba hiyo ilitoka wapi? Tuutazame ukoo wake.

Coburg ni mji mdogo wa Ujerumani. Watawala wake hawakuwa na nchi kubwa wala askari wengi. Mali yao ilikuwa watoto wao. Mwaka 1796 walimwoza binti yao Juliane, mwenye miaka 14, kwa Konstantin, mjukuu wa malkia wa Urusi. Ndoa ile haikuwa na raha. Baada ya miaka mitano Juliane alimwacha mumewe, akaondoka Urusi. Lakini jamaa yake walikuwa wamekwisha kujulikana kwa wakubwa.

Mdogo wake Leopold, aliyezaliwa mwaka 1790, alimwoa Charlotte, mrithi wa Uingereza, mwaka 1816. Mwaka uliofuata Charlotte alikufa kwa uzazi, na mtoto alizaliwa mfu. Leopold akabaki hana mke wala kiti. Lakini mwaka 1831 Wabelgiji, waliokuwa wamejitenga na Uholanzi, walimfanya mfalme wao. Mwaka 1832 alimwoa Louise-Marie, binti wa mfalme wa Ufaransa. Leopold alikuwa Mprotestanti, mkewe Mkatoliki. Watoto wao walilelewa katika dini ya mama.

Jamaa wengine nao walioa vizuri. Mwaka 1836 Ferdinand, mtoto wa kaka yake Leopold, alimwoa malkia wa Ureno. Mwaka 1840 Albert, mtoto wa kaka mwingine, alimwoa Victoria, malkia wa Uingereza. Naye Victoria alikuwa mtoto wa dada yake Leopold. Walizaa watoto tisa, nao wakaolewa na kuoa katika nyumba nyingi za wafalme.

Je, ndoa hizo zilileta heri? Charlotte, binti wa Leopold, aliolewa mwaka 1857 na Maximilian wa Austria, wakaenda kutawala Mexico. Mumewe aliuawa kwa risasi mwaka 1867. Charlotte alikuwa amekwisha kurukwa na akili, akaishi hivyo mpaka alipokufa mwaka 1927. Kaka yake, Leopold II, aliyejifanya mwenye Kongo mwaka 1885, alimpoteza mwanawe wa pekee mwaka 1869. Kwa sheria ya Ubelgiji ya wakati ule, mabinti hawakuweza kurithi. Mwaka 1909 kiti kilimwendea Albert, mtoto wa mdogo wake.

Kisha vita vikaja mwaka 1914. Wilhelm wa Ujerumani, George wa Uingereza na Alix, mke wa mfalme wa Urusi, wote watatu walikuwa wajukuu wa Victoria. Albert wa Ubelgiji alizaliwa na mama Mjerumani, na mkewe Elisabeth alizaliwa Ujerumani. Hata hivyo majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji. Vita vya ndugu hao vilifika mpaka kwetu: mwaka 1916 askari wa Kongo walipigana na kuitwaa Tabora, na wengi hawakurudi.

Basi, nyumba ya Coburg ilipata viti vya ufalme kwa harusi, si kwa mkuki. Lakini ndugu wale walipogombana, damu iliyomwagika ilikuwa ya watu wasioalikwa katika harusi zao.