Posho: Chakula cha Askari Kilichohamia Shuleni

Neno posho huwatatiza wanafunzi wetu kuliko maneno mengi yaonekanayo kuwa magumu zaidi. Mtu atokaye Dar es Salaam hulijua kuwa ni fedha apewazo mtumishi anaposafiri kikazi au anapohudhuria mkutano. Akifika Busia, upande wa Kenya, atalikuta limeandikwa juu ya mlango wa kinu cha kusagia mahindi. Akivuka mpaka na kuja hadi kwetu Paya, katika wilaya ya Tororo, ataambiwa kwamba watoto wa shule wamekula posho kwa maharage, naye asipouliza atadhani watoto wa Uganda hutafuna fedha. Hapa kwetu posho ni ugali wa mahindi wenyewe, uliokwisha kusongwa na kupakuliwa.

Walimu wengi huwaambia wanafunzi kwamba hizo ni tofauti za mahali na mahali, kisha huendelea na somo. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Maana zote tatu zimetoka katika mfuko mmoja, nao ni mfuko wa chakula cha mpagazi na askari. Nataka katika makala haya tuufungue mfuko huo, tuone kilichokuwamo, na, kwa kadiri iwezekanavyo, tuonje.

Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara, posho ilikuwa haki ya kila siku ya mpagazi. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa kibaba cha nafaka, yaani robo ya pishi. Palipokuwa na akiba, mtu alipimiwa nafaka. Pasipokuwa na akiba, alipewa shanga au kipande cha nguo akajinunulie chakula vijijini. Basi tangu zamani neno hili lilikuwa na sura mbili: chakula chenyewe, na thamani ya kununulia chakula. Mtumishi wa leo anayetia saini karatasi ya posho kule Dodoma amemrithi mpagazi aliyepewa shanga; mwanafunzi wa Paya amemrithi yule aliyepimiwa kibaba. Sioni sababu ya kusema kwamba mmoja wao amelipotosha neno.

Misafara ya Mombasa ilipokwisha kuvuka nyika na nchi ya Wamasai, ilipumzika kwa Wawanga, mahali ambapo leo ni Mumias, si mbali sana na Busia. Mskoti Joseph Thomson alifika huko mwaka wa 1883. Wapagazi waliokuwa wameona njaa njiani walikuta nafaka nyingi na kwa bei nafuu, na Waswahili kadhaa wakafanya makazi. Kwa njia hiyo neno posho lilifika karibu nasi kabla ya gari moshi, na kabla ya shule.

Mwaka wa 1902 serikali ya Uingereza iliikata sehemu ya mashariki ya Uganda na kuitia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wana jamaa ng'ambo ya mpaka. Mwaka huo huo iliundwa King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliiita Keya. Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, ndugu hao waliogawanywa walitakiwa na serikali mbili kwa kazi moja, nayo ni kubebea jeshi mizigo.

Sababu ya kuhitaji watu wengi hivyo ilikuwa mbung'o. Vita vilipohamia kusini, katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani, punda, farasi na ng'ombe walikufa kwa maelfu, na barabara za magari zilikuwa matope matupu wakati wa mvua. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Na hapo ndipo hesabu ya posho ilipogeuka kuwa hesabu ya ukatili. Tuseme mtu amebeba ratili 50 za unga, yaani karibu kilo 23, naye hula ratili 2 kwa siku. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, atakuwa amekula ratili 48. Atakachokuwa amemfikishia askari aliye mbele ni ratili 2 tu. Hesabu hii nimeifundisha darasani katika somo la lugha, si la hisabati, na wanafunzi hunyamaza kimya inapofika mwisho. Kwa kuwa haikubadilika, njia ya kuipunguza ilikuwa moja: kumpunguzia posho yule anayeibeba.

Mwaka wa 1917 John Ainsworth alipewa mamlaka ya kukusanya watu Kenya kwa nguvu, na Uganda nayo ilikuwa imekwisha kupeleka wapagazi wake, wengine hata kwa jeshi la Wabelgiji lililokwenda Tabora mwaka wa 1916. Jina la kikosi chao cha Kiingereza, Carrier Corps, limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Vifo vya wapagazi vilivyoandikwa vilipita 40,000, na wanahistoria wanaamini kwamba hesabu ya kweli inakaribia 100,000. Waliouawa kwa risasi ni wachache. Wengi waliuawa na malaria, kichomi, na hasa kuhara damu.

Je, posho ilihusika vipi? Unga uliotolewa ulikuwa wa mahindi, mara nyingi wenye chenga kubwa na makapi. Mpagazi aliufikia moto jioni, amechoka, kuni zimelowa, maji ni ya dimbwi. Alitia unga katika kikopo chake, akakoroga kidogo, akala kabla haujaiva. Madaktari wa jeshi wenyewe walikiri kwamba unga mbichi uliyakwaruza matumbo na kuufungulia mlango ugonjwa. Walioumia zaidi walikuwa watu waliozoea ndizi, kama Waganda, ambao walikuwa hawajapata kuishi kwa unga wa mahindi. Baadaye amri zilitolewa kwamba chakula kipikwe kwa pamoja, katika vyombo vikubwa, na wapishi waliofundishwa. Lilikuwa jambo jema lililokuja watu wengi wakiwa wamekwisha kuzikwa.

Watu wetu wa Padhola huishi kwa kwon, ugali wa wimbi, aghalabu uliochanganywa na muhogo. Wateso huuita wao atap. Kwa hiyo mgeni kwetu hakuwa ugali. Mgeni alikuwa mahindi yenye chenga, na haraka.

Mwaka jana chama cha Kiswahili cha shule yetu kilijaribu chakula hicho. Tulichukua mahindi, tukaomba kinuni yasagwe mara moja tu, wala hatukuuchekecha unga. Sufuria ya kwanza tuliipika kama apikavyo mtu mwenye haraka: unga ulitiwa kabla maji hayajachemka, na baada ya robo saa tukapakua. Ya pili ilisongwa vizuri na kuachwa motoni kwa moto mdogo, muda wa dakika 45. Hapakuwa na mchuzi wala mboga, ila chumvi. Nilipiga marufuku maneno mawili, "tamu" na "mbaya", ili kila mmoja atafute neno lililo sahihi. Kwa sufuria ya kwanza nilipata: mbichi, una chenga, unakwaruza koo, unanuka gunia. Kwa sufuria ya pili walisema ni chapwa, lakini unashibisha. Msichana mmoja alisema kwamba ule wa kwanza "haumezeki mpaka uusukume", nami sijaona maelezo bora zaidi katika kitabu chochote.

Tulioka pia biskuti ya kijeshi kwa unga wa ngano, maji na chumvi, tukairudisha jikoni mara ya pili mpaka ikakauka kabisa. Jina lake linaeleza kazi hiyo, kwani asili yake ya Kilatini na Kifaransa maana yake ni "iliyopikwa mara mbili". Haikuvunjika kwa mkono. Wanafunzi, bila ya kufundishwa na mtu, waliichovya katika chai ya rangi, kama walivyofanya mabaharia na askari wa Ulaya kwa karne nyingi.

Sidai kwamba jaribio hili limethibitisha lolote juu ya ugonjwa. Hatukuwa na njaa, hatukuwa tumetembea siku nzima na mzigo, na maji yetu yalikuwa safi. Lakini orodha za jeshi husema "unga, ratili kadhaa", zikakomea hapo. Haziandiki kwamba unga huo haumezeki.

Upande wa Wajerumani hali haikuwa bora. Askari wa Lettow-Vorbeck waliishi kwa mahindi na mtama walioutwaa kwa wanavijiji, wakaacha njaa nyuma yao, na mwezi wa Novemba 1917 walipovuka mto Ruvuma jambo la kwanza lilikuwa kuiteka kambi ya Wareno kule Ngomano kwa ajili ya silaha, dawa na chakula.

Vita Vikuu vya Pili vilileta posho ya namna nyingine. Kutoka Uganda peke yake waliingia jeshini watu zaidi ya 75,000, na Kiswahili cha Keya kikawa lugha yao ya pamoja. Jeshi lilikuwa na orodha mbalimbali za chakula kwa kadiri ya rangi ya mtu: Mzungu yake, Mhindi yake, Mwafrika yake. Orodha ya Mwafrika ilikuwa pana kuliko ile ya mwaka wa 1917, kwani pamoja na unga kulikuwa na maharage, nyama, mafuta na chumvi; hata hivyo ilikuwa ni orodha yake peke yake. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopita bonde la Kabaw huko Burma katika mvua za mwaka wa 1944, hadi kuuvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba, njia zilizama katika matope na chakula kikaangushwa na ndege. Mahali ambapo moshi humwonyesha adui ulipo, ugali haupikiki. Hapo mkebe na biskuti vilishika nafasi ya posho.

Mkebe nao ni mtoto wa vita. Mfaransa Nicolas Appert alipata tuzo ya serikali yake mwaka wa 1810 kwa kuhifadhi chakula katika chupa zilizochemshwa, na mwaka huo huo Peter Durand alipewa hati ya kutumia bati kule Uingereza. Nyama ya mkebe Waingereza waliiita bully beef, na wengi huamini kwamba jina hilo limetokana na neno la Kifaransa bouilli, yaani iliyochemshwa. Wamarekani walikuja na kasha lao dogo, K, lililobuniwa na mtaalamu Ancel Keys: nyama au jibini ya mkebe, biskuti, kinywaji cha unga, peremende, na sigara 4.

Siku hizi wako watu Marekani na Ulaya wanaoyakusanya makasha hayo kama wengine wanavyokusanya stempu, nao huyafungua na kuonja kilichomo. Hodari wao huonja hata biskuti za karne ya 19. Ipo habari mashuhuri ya mkebe wa nyama ya ndama uliochukuliwa na meli za Parry kwenda Kaskazini mwaka wa 1824. Ulipofunguliwa zaidi ya miaka 100 baadaye, nyama ililishwa wanyama, wala hawakudhurika. Mchezo huo una maana yake, lakini una upungufu mmoja mkubwa: huhifadhi chakula cha majeshi yaliyokuwa na viwanda. Posho ya mpagazi haikuwa na kasha wala chapa. Haiwezi kununuliwa mnadani.

Hata hivyo yetu imehifadhiwa kuliko zao zote, kwa kuwa haikukoma kupikwa. Amani iliporudi, magereza, vituo vya polisi, hospitali na shule za bweni zilishika desturi ya jeshi kwa sababu ile ile ya jeshi: nafaka kavu hukaa ghalani, hupimika kwa urahisi, na sufuria moja hulisha mia. Ndizi na viazi vitamu havikubali utaratibu huo. Ndiyo maana mtoto wa Uganda hukutana na posho kila siku shuleni, ilhali nyumbani kwetu Padhola mgeni wa heshima bado hupikiwa wimbi. Wapo wazee wasiokubali kabisa kumwekea mkwe posho mezani.

Hapa nitasema jambo ambalo huenda baadhi ya wenzangu wasilipende. Katika Uganda Kiswahili kimekataliwa na wengi kwa hoja kwamba ni lugha ya kambi, na hata baada ya katiba kukifanya lugha rasmi ya pili mwaka wa 2005 hoja hiyo haijafa. Hatuwezi kuijibu kwa kukana kwamba Kiswahili kilipita kambini. Kilipita, tena pamoja na posho, katika mfuko ule ule. Wanaokikataa hulitamka neno lake moja kila mchana, vinywa vikiwa vimejaa.

Walimu wa pande zote mbili za mpaka wanaombwa kuwauliza wazee majina waliyoyapa vyakula vya jeshi: unga, nyama ya mkebe, biskuti, chai ya kambini. Yaandikwe kama yalivyotamkwa, pamoja na jina la kijiji. Mwenye bakuli la bati, kijiko chenye namba ya askari au mkebe mtupu, auhifadhi mahali pakavu. Na ikitokea mtu ameupata mkebe ambao haujafunguliwa, asiufungue darasani, hasa kama umevimba.