Kungoja kwa Pande Tatu: Watoto wa Kongo Walioasiliwa Ng'ambo



Tarehe 25 Septemba 2013, Idara Kuu ya Uhamiaji ya nchi yetu, ile tuliyozoea kuiita DGM, ilisimamisha utoaji wa ruhusa ya kutoka nchini kwa watoto wa Kongo walioasiliwa na wageni. Kuasili, yaani kumtwaa mtoto wa mwingine awe wako mbele ya sheria, hakukukatazwa siku ile. Kilichofungwa kilikuwa mlango wa kutokea. Hivyo watoto wapatao 1,000 walijikuta wana wazazi kwa hukumu ya mahakama, wana kitanda kinachowangojea Marekani, Ufaransa, Italia, Ubelgiji au Kanada, lakini hawana njia ya kukifikia.

Habari ya miaka ile imesimuliwa mara nyingi kama habari ya wazazi wa ng'ambo waliongoja. Ni kweli waliongoja, na uchungu wao haukuwa mdogo. Lakini tukiitazama vema tutaona kwamba waliongoja walikuwa pande tatu, na upande wa tatu haukuulizwa neno.

Tuanze na wa kwanza. Ili mgeni amwasili mtoto wa Kongo, ilimpasa kupata hukumu ya mahakama ya watoto, ambayo ilianzishwa na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto. Baada ya hukumu zilikuja karatasi za serikali ya mtaa, kisha viza ya nchi anakokwenda, na mwisho ruhusa ya DGM. Wazazi wengi walikwisha kupanda ngazi zote hizo isipokuwa ile ya mwisho. Kwa sheria ya Kongo walikuwa tayari baba na mama. Waliweza kuja Kinshasa, kukaa na mtoto, kumlisha na kumlaza. Hawakuweza kupanda naye ndege. Baadhi waliacha kazi zao wakahamia kwetu kwa miezi mingi. Wengine walituma fedha za malezi kila mwezi na kumwona mtoto wao akikua katika picha. Kuna familia za Italia zilizofika Kinshasa mwishoni mwa 2013 zikitumaini kurudi baada ya siku chache. Watoto 31 waliokuwa wakizingoja hawakufika Roma ila tarehe 28 Mei 2014, kwa ndege ya serikali ya Italia, baada ya waziri Maria Elena Boschi kuja mwenyewe kuwachukua. Wengine hawakuwa na waziri wa kuwajia.

Wa pili ni mtoto. Kwa mtu mzima miaka miwili ni sehemu ya maisha. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni karibu maisha yote. Mtoto aliyeonyeshwa picha na kuambiwa "huyu ni mama yako" alijifunza jina la mtu asiyefika. Aliyekuwa mgonjwa alingoja pamoja na ugonjwa wake, na wako waliofariki kabla ruhusa haijatoka. Sisi tulio walimu twajua jinsi mtoto anavyoacha kuuliza pale anapoona kwamba jibu haliji. Ukimya wa namna hiyo usidhaniwe kuwa ni utulivu.

Je, serikali ilikosea kufunga mlango? Haifai kujibu haraka. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzito: habari za watoto walioteswa ng'ambo, au waliotupwa na wazazi wapya na kukabidhiwa kwa watu wengine wasiojulikana, tena karatasi za uongo zilizokuwa zikitengenezwa hapa kwetu. Mapatano ya La Haye ya tarehe 29 Mei 1993, ambayo nchi yetu haikuwa imejiunga nayo wakati ule, yanaweka utaratibu ulio wazi: kwanza mtoto abaki katika jamaa yake, ikishindikana, atafutiwe jamaa nyingine katika nchi yake, na baada ya hayo tu, ng'ambo. Yanataka pia kibali cha wazazi kitolewe kwa hiari, bila malipo. Mambo hayo hayafanyiki kwa juma moja. Kungoja, basi, kuna kazi yake: ni muda wa kutafuta ukweli.

Na hapa ndipo tunapofika kwa upande wa tatu, yaani jamaa iliyomzaa mtoto. Mwezi wa Novemba 2015 serikali iliruhusu watoto wapatao 70 kuondoka, na mwanzoni mwa 2016 mafaili ya wengine wengi yakapitishwa. Uwanja wa ndege ulijaa furaha. Lakini upelelezi uliofanywa baadaye Ubelgiji ulionyesha kwamba baadhi ya watoto waliofika huko Novemba 2015 hawakuwa yatima. Walikuwa na wazazi hai katika eneo la Gemena, kaskazini-magharibi mwa nchi yetu. Wazazi hao waliambiwa kwamba watoto wao wanakwenda Kinshasa kwa likizo. Likizo ikaisha, watoto hawakurudi. Wakati jamaa moja ya Ubelgiji ilikuwa ikishukuru kwamba kungoja kumekwisha, jamaa nyingine ya Gemena ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kungoja.

Tujiulize: miaka ile miwili ilitumika kwa kazi gani? Mafaili yalikaa mezani, yakahesabiwa na kupigwa mihuri upya. Kwa watoto wale wa Gemena, kungoja kwa wengine hakukuzaa ukweli wowote. Hakuna aliyefika mlangoni kwa mama kumwuliza neno moja tu: umekubali?

Swali hilo halikuanza juzi. Zamani za ukoloni, watoto waliozaliwa na baba Mbelgiji na mama Mwafrika walitwaliwa kwa mama zao na kuwekwa katika misheni, kama Katende huko Kasai na Save huko Rwanda. Ulipokaribia uhuru, kati ya 1959 na 1962, watoto wapatao 300 wa Save walipelekwa Ubelgiji na kugawiwa kwa jamaa za huko. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi mwaka 2017; waziri mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni tarehe 4 Aprili 2019; na tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliihukumu dola ya Ubelgiji kwa ajili ya wanawake watano waliopelekwa Katende wakiwa watoto, ikisema kwamba jambo lile lilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Ilichukua zaidi ya miaka 70. Wengi wa wale mama walikufa wakingoja.

Liko jambo moja zaidi la kufahamu. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na Sheria yetu ya Familia ya 1987 haiko mbali nao: mtoto aliyeasiliwa hupata jamaa mpya bila kupoteza uhusiano na ukoo uliomzaa. Nchi nyingine hufikiri tofauti. Ufaransa, tangu sheria ya 1966, ina namna ya kuasili inayokata kabisa uhusiano wa kwanza. Kwa hiyo mama wa kijijini anapokubali, huenda akilini mwake anamkopesha mtoto mikono ya kumlea. Kumbe karatasi anayotia dole gumba itasomwa ng'ambo kwamba yeye si mama tena. Asipoelezwa hilo kwa lugha yake, hajakubali kitu.

Nasi tunaoishi karibu na jamaa hizi, makatekista, walimu, wazee wa mtaa, ndio tunaoulizwa mara nyingi kama mtoto fulani ni yatima kweli. Neno letu huingia katika faili na kusafiri mbali kuliko sisi. Kabla ya kulisema, twende kwanza tukaulize kwa shangazi, kwa bibi, kwa jirani wa mama. Ikichukua mwezi, na ichukue mwezi. Wazazi wema wa ng'ambo wataweza kuuvumilia mwezi huo, maana hakuna mzazi mwema atakaye kumlea mtoto ambaye mama yake yu hai na anamtafuta. Na pale ukweli ukiisha kujulikana, kwamba mtoto hana kweli wa kumlea hapa, basi asicheleweshwe hata siku moja kwa ajili ya muhuri.