Shoti

shoti nm [i-/zi-] mgusano wa waya mbili, au wa waya na bodi la gari, unaoupa umeme njia ya mkato.

Matumizi. Katika mazungumzo, *shoti* huitwa hitilafu yoyote ya umeme. Maandishi ya ufundi hayaruhusu ulegevu huo: shoti katika waya unaoleta umeme huunguza fyuzi, ilhali waya uliokatika huzuia tu umeme kupita.

Mfano. *Gari limeshuka kutoka Namanyere hadi bandari ya Kabwe, likawasha taa ya injini. Kompyuta ya kupimia imetoa P0135.* Msimbo huu hutaja hitilafu katika saketi ya kipasha joto cha sensa ya kwanza ya oksijeni. Hausemi kama ni shoti au waya uliokatika. Fundi huchomoa waya za sensa na kupima kipasha joto kwa multimita. Omu chache huashiria uzima, hivyo hukagua fyuzi na waya; ukinzani usio na kikomo humaanisha kimekatika ndani.

Tanbihi kwa mfasiri. *Hitilafu ya saketi* isitafsiriwe *shoti*. Kosa hilo humtuma fundi kutafuta fyuzi iliyoungua, na sensa mbovu hubaki garini.